Umeme ukifika sehemu ya kufulia: soketi iwe wapi, na nani aulizwe?

Umeme umefika kwetu, na nyuma yake vimekuja vyombo vyake. Mashine ya kufulia, pasi, koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo, pampu ya kuvuta maji kisimani. Vyote hivi hutumika mahali pamoja: nyuma ya nyumba karibu na kisima, au kwenye kichumba cha pembeni ambacho sakafu yake haikauki na anayefua amesimama pekupeku.

Maswali mnayotutumia kwa simu kutoka Mwaya, Ipinda, Matema na kwingineko ufukweni yanafanana. Soketi ya mashine iwekwe wapi? Je, ni kawaida kushika mashine ikiwa inazunguka ukahisi kama sisimizi wanatembea mkononi? Fundi akisema eathi si lazima, tumwamini?

Tuanze na hilo la sisimizi, maana ndilo la haraka. Si kawaida. Mashine inayokuwasha mkono imeanza kuvujisha umeme kwenye mwili wake wa bati. Leo umevaa ndala na sakafu ni kavu, umesikia mwasho tu. Kesho umevua ndala, sakafu imelowa, na umeme uleule utapita mwilini kwa nguvu nyingine kabisa. Zima swichi kuu kwanza, ndipo uchomoe plagi, na usiitumie tena mpaka fundi aione.

Kwa nini jambo hili limekuwa kubwa sasa hivi? Tanzania Bara ina vijiji 12,318, na serikali imetangaza kwamba vyote vimefikishiwa umeme. Kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na TANESCO imehamia kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Gharama ya kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, wakati mjini, tangu Januari 2022, mteja wa kawaida aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo hulipa shilingi 320,960. Hapo kijijini kapewa nafuu kubwa kweli.

Kwetu Kyela kuna na sababu nyingine. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani. Waliokuwa na mikakao inayozaa waliona fedha ambazo wazee wao hawakuziota. Fedha hizo zilijenga nyumba, zilinunua pikipiki, na kwa kaya kadhaa zilinunua mashine ya kufulia, hasa zile za matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Hatuna ubaya na mashine. Mama aliyekamua mashuka kwa mikono miaka 20 anajua thamani yake. Tatizo ni kwamba mashine imeingia kwenye nyumba ambayo nyaya zake zilitandazwa kwa ajili ya taa tatu na simu.

Shilingi 27,000 haikununui nyaya za ndani

Watu wengi hulichanganya hili. Ile 27,000 inakuletea umeme hadi kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani, nyaya ni mali yako na usalama wake ni juu yako. Kutandaza nyaya nyumba nzima, yaani wayaringi, kunagharimu mara nyingi zaidi ya hiyo 27,000, na hapo ndipo watu hubana matumizi.

Sasa angalia wanabana wapi. Hakuna anayebana kwenye taa, kwa sababu taa isipokuwepo giza linaonekana. Hakuna anayebana kwenye soketi ya televisheni. Wanabana kwenye eathi na kwenye breka ya kukata umeme unaovuja, kwa sababu bila vitu hivyo taa inawaka vilevile, televisheni inaonesha vilevile, na mashine inazunguka vilevile. Fundi asiye mwaminifu anaijua siri hiyo. Anakwambia, "Mama, hapa tukiacha eathi unaokoa hela ya chuma na waya," na wewe unamshukuru kwa kukuhurumia.

Mwenye chumba kimoja au viwili ana njia rahisi zaidi, kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari. Ni kibao chenye swichi na soketi zake, kinachokuwezesha kupata umeme bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Kimewasaidia wengi. Lakini kibao hicho hakikutengenezwa ili kivutiwe ekstensheni ya mita 15 kupita dirishani hadi kisimani.

Umeme unaua kwa kiasi gani

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Mwili wa mtu uliolowa, aliyesimama kwenye ardhi mbichi, tuuchukulie kwa makadirio kuwa na ukinzani wa omu 1,000. Gawanya 230 kwa 1,000, unapata ampea 0.23, yaani miliampea 230. Kiasi kama miliampea 10 kinatosha kuikaza misuli ya mkono mpaka mtu ashindwe kuachia alichokishika. Miliampea 30 zinaanza kumbana pumzi. Zikifika 100 zikapita kifuani kwa muda kama wa sekunde moja, moyo unaweza kupoteza mapigo yake na kubaki unatetemeka tu bila kusukuma damu.

Fyuzi iliyo ndani ya plagi ya mashine ni ya ampea 13. Linganisha: kinachomuua mtu ni ampea 0.23, na fyuzi inasubiri ipitwe na umeme unaozidi 13, zaidi ya mara 50. Fyuzi haitajua hata kama kuna mtu anakufa. Breka ya kawaida ya ampea 20 au 32 kwenye boksi la ukutani nayo haitajua. Vyote viwili viliwekwa kulinda nyaya zisiungue na nyumba isishike moto. Havikuwekwa kumlinda mtu.

Basi eathi? Eathi ni ule waya wa kijani na njano unaotoka kwenye tundu la juu la soketi mpaka kwenye chuma kilichozikwa nje ya nyumba. Waya wa ndani ya mashine ukichubuka na kugusa bati, eathi inaupeleka umeme ardhini. Ni kitu cha lazima. Lakini nacho kina mpaka wake. Tuseme chuma chako kimezikwa vizuri na ukinzani wake na ardhi ni omu 20, kiasi ambacho fundi wengi wangeridhika nacho. Gawanya 230 kwa 20: ampea 11.5. Fyuzi ya 13 haikatiki. Breka ya 20 haianguki. Mashine inakaa na umeme kwenye mwili wake mchana kutwa, ikimsubiri mtu mwenye mikono yenye povu.

Ndiyo maana kuna kifaa cha tatu, ambacho mafundi hukiita RCD au RCCB, na sisi hapa tutakiita breka ya kuvuja. Kazi yake ni kuhesabu. Inapima umeme unaoingia nyumbani na umeme unaorudi. Kama kila kitu kiko sawa, viwango hivyo viwili ni sawasawa. Ukipungua wakati wa kurudi, maana yake kuna mahali unavuja, ama kwenye eathi, ama mwilini mwa mtu. Tofauti ikifika miliampea 30, breka inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ukiwa dukani, tazama maandishi yaliyo usoni mwake, yawe 30mA au 0.03A. Ziko za 100mA na 300mA, na hizo ni za kuzuia moto; hazimtoshi mtu anayefua. Bei hutofautiana duka hadi duka, lakini kwa aliyeuza kakao ya 2024 ni kilo chache tu. Ina kitufe kidogo chenye herufi T. Ukikibonyeza, umeme wa nyumba ukatike. Usipokatika, breka hiyo imekufa. Kwa unyevu wa kwetu, bonyeza kila mwezi.

Kifaa cha namna hii si kigeni duniani. Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alipima kwa watu wa kujitolea ni umeme kiasi gani mtu anaweza kuushika na bado akaachia, kisha mwaka 1961 akabuni kifaa cha kukata kabla hali haijafika huko. Marekani, kanuni zao za umeme zinataka soketi za sehemu ya kufulia zilindwe na kifaa hicho tangu toleo la mwaka 2014, na kifaa chao hukata ikivuja kama miliampea 5 tu. Na wao nyumbani wanatumia volti 120. Sisi wenye 230, tena pekupeku, ndio tunaambiwa si lazima.

Uingereza, tulikorithi plagi yetu ya miguu mitatu bapa, hawaruhusu soketi ya kawaida bafuni iliyo karibu na bafu au bomba la kuogea. Ilikuwa mita 3, na tangu 2022 ni mita 2.5. Ndiyo sababu mashine za kufulia za Waingereza utazikuta jikoni.

Soketi iwe wapi, basi

Chukueni kipimo cha hatua. Simama kwenye beseni, kisimani, au penye bomba, kisha piga hatua tatu ndefu. Soketi iwe ng'ambo ya hapo, upande ambao maji hayarukii. Wazo ni rahisi: mtu mwenye mikono ndani ya maji asiweze kuifikia soketi bila kwanza kuondoka, kujifuta na kutembea. Fundi atakwambia, "Shikamoo mama, hii nikuwekee hapa hapa juu ya sinki, waya wa mashine ufike." Mjibu, "Marahaba mwanangu, wewe isogeze, mashine ndiyo itakayoifuata."

Kimo nacho kina maana kwetu kuliko Dodoma au Singida. Soketi nyingi huwekwa karibu na sakafu, kiasi cha sentimita 30 hadi 45. Anayeishi Mwaya anajua mwezi wa nne ukoje. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zikijaa kwa pamoja, maji hayabishi hodi. Soketi ya sentimita 30 katika bonde hili ni soketi ya kuzamishwa. Pandisha mita 1 au zaidi kutoka sakafuni, pale kifuani mwa mtu mzima, na kama iko nje au barazani iwe ya aina yenye kifuniko kisichopitisha mvua.

Mashine iwe na soketi yake. Ile inayopasha maji yenyewe hula kama wati 2,000, karibu ampea 9. Ukiiweka kwenye ekstensheni moja na pasi, umeshaivuka ampea 13 na ule waya mwembamba unaanza kuwa moto ndani ya plastiki yake. Zile za matangi mawili hazili umeme mwingi hivyo, lakini zina ugonjwa mwingine. Nyingi huja na plagi ya miguu miwili, ambayo haiingii kwenye soketi zetu mpaka tundu la juu lifunguliwe. Watu huchomeka kijiti, njiti ya kiberiti au kalamu kwenye tundu la juu, kisha wanasukuma miguu miwili chini. Tundu lile la juu ni la eathi. Mguu wa juu wa plagi umefanywa mrefu kwa makusudi, uingie kwanza na kushika eathi kabla umeme haujafika. Ukitumia kijiti, mashine ya bati yenye maji ndani yake inaendeshwa bila eathi kabisa. Mpe fundi aangalie kama ina sehemu ya kufunga waya wa eathi (nyingi zinayo mgongoni, msumari wenye alama), aifunge, na abadilishe plagi.

Chuma cha eathi nacho kitazamwe. Udongo wetu wa bondeni wenye maji karibu unasaidia, chuma kinashikana vizuri na ardhi. Lakini mchanga wa ufukweni hukauka juu ifikapo Septemba na Oktoba, na chuma kifupi kilichozikwa kwenye mchanga mkavu ni kama hakipo. Kipande cha nondo kilichosokomezwa sentimita 40 si eathi. Kinatakiwa kiwe chuma chake hasa, chenye ngozi ya shaba, kishuke zaidi ya mita moja, na fundi akipime kwa kifaa. Testa ya bisibisi yenye taa ndani haipimi eathi.

Hapa breka ya kuvuja haikusaidii

Hatari iliyobaki hatujaisikia ikisemwa sana, na kwa maoni yetu ndiyo mbaya kuliko zote: waya wa kuanikia nguo.

Katika nyumba nyingi, waya wa kuanikia ni waya wa chuma uliofungwa kutoka kwenye msumari wa paa la bati hadi kwenye mti. Na waya wa umeme kutoka nguzoni nao unatua kwenye kona ya paa hilohilo. Upepo wa ziwani unautikisa mwaka baada ya mwaka, plastiki yake inasuguana na ukingo wa bati, mpaka siku moja shaba inagusa. Paa zima linakuwa na umeme, na kila kilichofungwa kwenye paa. Mama anatoka na beseni la nguo mbichi, anasimama kwenye majani yenye umande, anainua shuka.

Breka ya kuvuja iko ndani, baada ya mita. Waya huu uko kabla ya mita. Hitilafu hii breka yako haiioni, na wala ukizima swichi kuu ya nyumba hauukati umeme huo. Kinga ni nyingine: kamba ya nailoni au katani badala ya waya, na ifungwe mti kwa mti, isiguse paa, mfereji wa bati wala nguzo ya umeme. Ukiona waya wa kutoka nguzoni umelala juu ya bati au umechubuka, hiyo ni kazi ya TANESCO, siyo ya fundi wa mtaani wala ya kijana anayejua kupanda. Toa taarifa, na watu wakae mbali na nyumba hiyo, hasa kuta zenye bati.

Tunasema hivyohivyo kuhusu umeme wa kuchukulia kwa jirani kwa waya mwembamba unaopita juu ya migomba. Hauruhusiwi, na migomba yetu huanguka.

Fundi ni nani

Kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, mwenye mamlaka ya kumpa fundi leseni ya kutandaza nyaya ni EWURA. Leseni ina jina lake, daraja lake na tarehe ya kuisha. Fomu ya kuomba kuunganishiwa umeme inataka fundi mwenye leseni aidhinishe kazi. Hapo pana mwanya ambao wanakijiji wanaujua: anayetandaza ni mmoja, muhuri ni wa mwingine ambaye hajawahi kuiona nyumba. Mwenye nyumba anafurahi kwa kuwa kalipa kidogo. Lakini kuna siku mashine itaanza kuwasha mkono, na utamtafuta yule wa muhuri humjui, yule aliyetandaza hana leseni ya kupoteza.

Maoni yetu ni kwamba anayekuja kufunga mita apime eathi kwa kifaa mbele ya mwenye nyumba na abonyeze kile kitufe cha T, na asipoona breka ya kuvuja asiwashe. Kazi hiyo ni ya dakika 10. Na serikali ya kijiji, inayojua kila fundi anayeingia kitongojini, ina uwezo wa kumwomba leseni kabla hajashusha ngazi yake kwenye pikipiki.

Kuna tabia nyingine ya mafundi ya kuitazama. Breka ya kuvuja ikianguka kila mara, mwenye nyumba analalamika, fundi anaiondoa na kuunganisha dairekti. Breka inayoanguka inakwambia kitu. Chomoa vyombo vyote, iwashe, kisha rudisha kimoja kimoja. Kile kitakachoiangusha ndicho kinachovuja. Kama inaanguka hata bila chombo chochote, uvujaji uko kwenye nyaya za ukutani, mara nyingi pale paa linapovuja.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Kimbilia swichi kuu uizime. Kama haifikiki, simama pakavu, umsukume mbali na chombo kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Kama chanzo ni waya wa nguzoni au paa, usimkaribie kabisa mpaka TANESCO wakate. Akishaachana na umeme na hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu kwenda chini sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda hospitali na kupiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hata aliyezinduka na kusema yuko sawa apelekwe, kwa sababu moyo huweza kusumbua baadaye.

Na maji ya mto yakiingia ndani msimu huu, zima swichi kuu kabla hayajafika kwenye soketi, kama bado umesimama pakavu. Yakiwa yameshafika, usiingie kuifuata. Yakishatoka, usiwashe siku hiyohiyo kwa kuwa sakafu imekauka. Tope hubaki ndani ya soketi na ndani ya mota ya mashine. Soketi zilizozama zifunguliwe na zibadilishwe, nyaya zipimwe, na mashine ianikwe wiki nzima kabla ya fundi kuijaribu.